Wanafunzi wa umeme wanajua kuhesabu. Nani atawapa vyombo vya kupima?

Kila mwaka matokeo ya Exetat yakisha kutoka, swali ni lile lile katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Bunia, Butembo, Uvira na Kindu: mtoto aende kusoma nini? Wazazi wengi wanapenda umeme, juu wanaona kazi iko. Pano za jua ziko kila mahali, antena za simu ziko juu ya vilima, na moto ukikatika kila mtu anatafuta fundi. Lakini kisha miaka ya masomo na minervali, kuko wazazi wenye kuuliza: mtoto amemaliza iniversite, sasa juu ya nini stabilizatere ya nyumba inamshinda?

Swali hilo si la kuchekesha. Katika majimbo ya mashariki, umeme na mawasiliano ni mambo ya uzima na kifo. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotoa moto, lava ilikata barabara ya Goma–Rutshuru na laini za umeme. Siku 5 baadaye, gavana wa kijeshi aliamuru wakaaji wa kartie 10 za muji waondoke. Mwanzo wa mwaka 2025, mapigano yalipofika Goma, umeme, maji na intaneti vilikatika. Saa kama hizo, familia inataka kujua kitu kimoja tu: twende wapi, tukae ama tukimbie? Na habari hiyo inapita ndani ya saketi na ndani ya mawimbi. Kama hakuna mtu wa kuzitengeneza, haipiti.

Kuko watu wanaosema masomo ya iniversite ni maneno ya bure. Tukitazama vizuri, apana. Yale wanafunzi wanayofundishwa njo yale yale mikoa yetu inahitaji. Kinachokosekana ni kitu kingine.

Mwaka wa kwanza: hesabu ya waya

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, inchi yetu imeingia katika mfumo wa LMD. Zamani mwanafunzi alifanya miaka 3 ya graduat, kisha 2 ya licence. Sasa licence yenyewe ni miaka 3, semesta 6, krediti 180. Yule mwenye kusomea umeme, iwe ISTA, iwe ULPGL ya Goma ama chuo kingine, anaanza na matematiki na fizikia. Halafu anaingia katika saketi, ile njia mviringo ambamo umeme unatoka kwenye batri ama jenereta, unafanya kazi, na kurudi.

Sheria ya kwanza ni ya Mjerumani Georg Ohm, aliyeitangaza mwaka 1827: volti ni ampere mara ohm. Halafu zinakuja sheria mbili za Gustav Kirchhoff, za mwaka 1845. Ya kwanza inasema umeme wote unaoingia kwenye njia panda ya waya ni lazima utoke. Ya pili inasema volti zote za mzunguko mmoja zinalingana: zile batri inazotoa, vyombo vinazimaliza zote. Kirchhoff alipoandika hayo, alikuwa bado mwanafunzi wa iniversite, mwenye miaka 21.

Inaonekana ni maneno ya ubao. Lakini tuchukue nyumba moja yenye batri ya volti 12. Konvertisere imewekwa chumba kingine, umbali wa metre 10, kwa waya mwembamba wa milimetre mraba 1,5. Inavuta ampere 10. Umeme unaenda metre 10 na kurudi metre 10, kwa hiyo waya ni metre 20. Kwa shaba, waya huo una karibu ohm 0,23. Mara ampere 10, ni volti 2,3 zinazopotea njiani na kugeuka joto. Konvertisere inapata volti 9,7. Konvertisere nyingi zinajizima volti zikishuka chini ya 10,5 hivi. Mwenye nyumba anasema batri imekufa, anaenda kununua ingine. Kumbe batri ni nzima, mkosaji ni waya. Akiweka waya wa milimetre mraba 6, upotevu unashuka hadi volti 0,6 hivi, na konvertisere inatembea.

Hesabu hiyo ni ya mwanafunzi wa L1. Inachukua dakika 2 na inaokoa bei ya batri nzima.

Ni hesabu ile ile inayoeleza juu ya nini laini kubwa zinabeba volti nyingi. Volti zikipanda, ampere zinapungua, na waya unakula kidogo. Laini ya Inga–Kolwezi, iliyomalizika mwaka 1982, ina karibu kilomita 1.700 na inabeba volti 500.000 za umeme wa mkondo mmoja, ule wa aina ya batri. Watu wengi wanauliza namna gani waya mkubwa vile unapita juu ya vijiji vyenye giza. Kuko sababu za siasa na za franga, lakini kuko vilevile sababu ya saketi: umeme wa mkondo mmoja unageuzwa kwenye vituo vikubwa vya bei kali, na vituo hivyo viliwekwa kwenye miisho miwili tu. Huwezi kuchomeka kijiji katikati kama unavyofanya kwenye laini ya kawaida. Raia mwenye kujua hilo anaweza kuuliza swali la maana kwa wakubwa, na si kulalamika tu.

Coltan ya Masisi ndani ya somo

Kisha sheria, wanafunzi wanajifunza vipande vyenyewe. Rezistansi inapunguza umeme. Kondansateri inauweka akiba kidogo na kuurudisha. Bobini inakataa mabadiliko ya ghafla. Diodi inaruhusu upande mmoja tu. Transista inafanya ishara ndogo kuwa kubwa, ama inafungua na kufunga kama mlango.

Hapa kuko jambo ambalo mwanafunzi wa kwetu angepaswa kuambiwa siku ya kwanza. Kondansateri ndogo sana zilizo ndani ya simu na ordinateri, baadhi zinatengenezwa kwa tantali, na tantali inatoka katika coltan. Rubaya, katika teritware ya Masisi, ni moja ya migodi mikubwa ya coltan duniani. Bati la kuunganishia vipande kwenye kadi linatoka katika kasiterite, na Bisie, teritware ya Walikale, inatoa bati linalouzwa ulimwengu mzima. Kijana anasoma kondansateri katika silabusi iliyopigwa fotokopi, na udongo unaoitengeneza uko katika vilima vya jimbo lake. Unatoka kama jiwe, unarudi kama simu. Mtu wa kufungua simu hiyo na kuitengeneza kwa hesabu, si kwa kubahatisha, ni faida ya kwanza ambayo inchi inaweza kubakiza nyumbani.

Mwaka wa pili na wa tatu: namna sauti inavyosafiri

Kisha saketi, yanakuja mawasiliano. Mwanafunzi anajifunza kwamba sauti yoyote inaweza kugawanywa katika mawimbi mengi madogo, kila moja na frekwansi yake. Hiyo ni kazi ya Mfaransa Joseph Fourier. Halafu anajifunza kupandisha sauti juu ya wimbi la radio, kama mzigo juu ya pikipiki. Katika AM, sauti inabadilisha nguvu ya wimbi. Katika FM, inabadilisha frekwansi yake. Radi na injini zinaharibu sana sana nguvu ya wimbi, njo maana AM inakwaruza na FM inasikika safi. Mmarekani Edwin Armstrong alipata hati za FM mwaka 1933. Alikuwa amegundua saketi yake ya kwanza kubwa ya radio mwaka 1912, akiwa mwanafunzi wa Columbia, New York.

Radio za jamii zetu karibu zote ziko FM. Kwa hiyo somo la antena linatuhusu moja kwa moja. Kwa frekwansi ya 100 FM, wimbi lina urefu wa metre 3. Antena rahisi ni nusu yake, na tunakata kidogo kama asilimia 5: inabaki karibu metre 1,43. Antena isipolingana na frekwansi, sehemu ya nguvu hairuki hewani. Inarudi nyuma kupitia kable mpaka ndani ya mtambo, na transista za mwisho zinaungua. Watu wanasema mtambo ulikuwa mbovu. Mara nyingi ubovu ulikuwa juu ya mlingoti.

Mfano mwingine. Wasikilizaji wa mbali wanalalamika hawatupati. Jibu ambalo wengi wanawaza ni kununua mtambo wenye wati nyingi. Lakini mawimbi ya FM yanatembea karibu kama mwangaza wa tochi: yanaona mbele, na nyuma ya mlima yanafika kidogo sana. Kwenye eneo la tambarare, antena iliyo metre 30 juu inaona mpaka kilomita 22 ama 23. Ukiipandisha metre 120, inaona kilomita 45. Ukiongeza wati mara mbili bila kubadilisha urefu, umbali hauongezeki mara mbili, na bonde lililofichwa na mlima linabaki na kimya chake. Kwa inchi ya milima kama yetu, dola moja iliyotiwa katika mlingoti ama katika kilima kizuri mara nyingi inashinda dola iliyotiwa katika wati. Kamati ya radio yenye kujua hesabu hiyo haitadanganywa na muuzaji.

Hata simu iko ndani ya somo hilo. Mwaka 1948, Claude Shannon alionyesha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kipimo chake cha mwisho, kufuatana na upana wa njia na wingi wa makelele. Njo maana mangaribi intaneti inakuwa nzito: watu wote wanagawana njia moja. Njo maana pia, siku ya hofu, wakati kila mtu anapiga simu kwa mara moja, sauti inakataa lakini ujumbe mfupi unapita, kwani SMS inahitaji nafasi ndogo sana. Hilo ni la kukumbuka hata kwa mtu asiyesoma umeme: saa ya matata, andika maneno machache, usipige.

Mahali kitabu na ardhi havipatani

Sasa tufike kwenye tatizo lenyewe. Tuchukue radi.

Uchunguzi wa satelaiti uliotangazwa mwaka 2016 ulipanga mahali pa dunia panapopigwa na radi kupita pengine. Ya kwanza ni ziwa la Maracaibo, inchi ya Venezuela. Ya pili ni Kabare, katika Kivu ya Kusini, yenye kupata radi zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilomita mraba. Ya tatu ni Kampene, katika Maniema. Ya tano ni Sake, karibu na Goma. Wasomaji wetu hawahitaji satelaiti kujua hilo. Wanajua mashule yaliyopigwa, na mitambo iliyoungua usiku mmoja wa mvua.

Katika silabusi, dawa inajulikana: waya mnene kutoka juu ya mlingoti mpaka kwenye fimbo ya chuma ama shaba iliyopigiliwa ardhini, ile mafundi wanaita piketi. Radi inapata njia nyepesi ya kushuka, na inaacha mtambo. Lakini ardhi yenyewe inapaswa kukubali umeme. Mafundi wengi wanalenga ohm chini ya 10. Katika udongo wenye maji, piketi ya metre 2 inaweza kusaidia sana. Goma imejengwa juu ya lava. Jiwe la lava kavu linakataa umeme, na hata kupigilia piketi ni mateso. Piketi ile ile, waya ule ule, lakini kazi tofauti kabisa. Inabidi kuweka piketi nyingi, kuzika waya mrefu, ama kuleta udongo mzuri na kuuzungusha pale.

Namna gani utajua kama umefaulu? Kwa macho haiwezekani. Waya wa ardhini mzuri na ule wa bure unafanana sawasawa. Ni chombo cha kupima tu kinachosema ukweli. Na njo hapa vijana wetu wengi wanabaki nyuma: wamefundishwa kuhesabu, hawakupewa kupima.

Katika oditwari nyingi, TP inafanyika kwenye ubao. Asistanti anachora osiloskopi, wanafunzi wanaichora katika daftari. Ama chombo kiko kimoja, na wanafunzi makumi kadhaa wanakizunguka. Walio mbele wanashika, walio nyuma wanasikia. Mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri katika modulasyo bila kuona hata siku moja wimbi la kweli likitembea kwenye ekrani. Halafu siku ya staji anapewa kadi iliyoungua, na mikono inatetemeka.

Upande mwingine kuko fundi wa soko. Huyo ana mikono. Amefungua radio mia, anajua kwa harufu kipande gani kimeungua. Lakini mara nyingi hana hesabu: anabadilisha fyuzi ya ampere 5 na kuweka ya ampere 20 juu ile ya 5 "inakatika sana", na nyumba inaungua. Mmoja ana kitabu bila mikono, mwingine ana mikono bila kitabu. Na wote wawili wanapita barabara moja kila asubuhi.

Maneno ya utetezi, na jibu lake

Tuseme pia upande wa vyuo. Laboratware ni bei. Vyombo vinaibiwa ama vinaporwa wakati wa vita. Moto unakatika katikati ya TP. Na miaka 3 ni mifupi kuliko 5. Yote hayo ni kweli. Kuko pia walimu wanaosema programu za ordinateri zinazoiga saketi, kama LTspice ama ngspice, zinatosha, na hazilipishwi. Zinasaidia sana, kweli. Lakini ndani ya programu waya haulegei, maji ya mvua hayaingii katika kable, na panya hawali plastiki. Programu inamwonyesha mwanafunzi saketi inayotembea vizuri. Kazi inayomngoja nje ni kutafuta ubovu.

Na kupima si lazima kuanze na vyombo vya maelfu ya dola. Multimetri ya kawaida inapatikana katika soko kwa bei ya chini. Kuko kifaa kidogo cha USB, cha makumi ya dola tu, kinachofanya ordinateri ya kawaida ionyeshe mawimbi ya FM ya muji mzima kwenye ekrani: mwanafunzi anaona kwa macho radio gani inavuka frekwansi yake na kuingilia ya jirani. Redio mbovu, stabilizatere zilizokufa, batri za zamani: zote ni laboratware, mtu akizipanga mezani na kuandika swali juu yake.

Nani afanye nini

Kwa wazazi na vijana: mbele ya kulipa minervali, muulize maswali matatu. Ni TP ngapi ambamo mwanafunzi anashika chombo kwa mikono yake? Ni wanafunzi wangapi kwa osiloskopi moja? Staji inafanyika wapi, na nani anaifuata? Chuo chenye kujibu wazi, hata kama ni kidogo, kinaweza kushinda chenye majengo makubwa.

Kwa vyuo: muwaite mafundi wazuri wa soko kuonyesha TP, na muwape wao somo la hesabu. Haivunji heshima ya profesa, na fundi atarudi kwenye kibanda chake akijua kuchagua fyuzi.

Kwa radio za jamii, sisi wote tumo: karibu kila stesheni ina kona yenye mitambo iliyokufa. Tuifungue kwa wanafunzi. Wapime batri pia. Batri ya volti 12 na ampere-saa 100 ina wati-saa 1.200 kwenye karatasi, lakini ile ya risasi ukiimaliza zaidi ya nusu kila siku unaiua. Zinabaki 600. Mtambo wa wati 100 unaweza kuvuta karibu wati 200. Ni saa 3 za matangazo, na hapo hatujahesabu meza ya sauti na ordinateri. Stesheni inayotaka kusema kutoka saa 11 ya jioni mpaka saa 3 ya usiku kwa batri moja inaiua polepole, na siku ya hatari itakuwa kimya.

Mvua za Septemba zinaleta radi, na mwaka wa masomo unaanza karibu na wakati ule ule. Kila stesheni inaweza kuita wanafunzi wawili na asistanti mmoja, mbele ya mvua hizo, waje kupima waya wa ardhini na kuandika ohm ngapi wamepata. Namba hiyo ibandikwe ukutani karibu na mtambo, na mwaka kesho ipimwe tena.